Naumwa, siwezi, nina homa

Kiswahili kina sarufi yake ya mtu mgonjwa, na sikumbuki kufundishwa darasani. Mgonjwa wetu hatendi, anatendwa. Anaumwa. Anashikwa na homa, anabanwa na kifua, anachafukwa na tumbo, analemewa, na mambo yakiharibika anazidiwa. Akifikishwa hospitali anapimwa, anachomwa sindano, anatundikiwa dripu, analazwa. Siku ya kurudi nyumbani haondoki tu: anaruhusiwa. Vitenzi karibu vyote vimevaa ile -wa ya mwisho, kama kwamba mwili ukidhoofu hata sentensi inamnyang'anya mwenyewe kiti. Kitenzi kinachomrudishia ni kupona. Hapo ndipo anasema nimepona, yeye mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Maneno haya nimeyasikia kuliko watu wengi, kwa sababu shangazi yangu alikuwa na duka la dawa baridi Ngamiani, Tanga, na likizo zangu za sekondari ziliishia nyuma ya kaunta yake. Dawa baridi, kwa msomaji mdogo ambaye hakuyakuta maduka hayo, hazikuwa dawa za friji. Lilikuwa jina la zile dawa zilizoruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Zile zilizohitaji cheti watu waliziita dawa moto. Baadaye Serikali ikaanza kuyabadilisha maduka hayo kuwa maduka ya dawa muhimu, ikianzia Ruvuma mwaka 2003, lakini mtaani kwetu jina la zamani liliendelea kutumika muda mrefu baada ya kibao kubadilishwa.

Mteja alikuwa hasemi jina la dawa. Alisema kiungo. "Nipe dawa ya tumbo." Shangazi naye hajibu, anauliza: tumbo gani? Mgeni wa lugha angedhani swali la kijinga, kwa kuwa kila mtu ana tumbo moja. Lakini liko tumbo la kukata, liko linaloendesha, liko linalonguruma na kujaa gesi, liko la siku za mwezi, liko la chango. Hilo la mwisho shangazi hakuwa na dawa yake na alisema hivyo wazi. Chango kwa bibi zetu ni karibu kila kinachosumbua chini ya kitovu, hasa kwa mwanamke, na dawa yake ilikuwa mizizi ya kuchemsha, si kidonge. Kiungulia alikisikia kabla hujamaliza kukitaja, maana wenyewe walikuja wameshika kifua, na jina linajieleza: kuna kitu kinaungua. Siku hizi kiungulia kimepandishwa cheo. Kila anayechomwa na tumbo baada ya kula maharage anakwambia ana vidonda vya tumbo, hata kama hajawahi kupimwa.

Tuanze na hilo neno kuumwa, maana limewahi kunigombanisha na watu. Tanzania ukisema "mtoto anaumwa" umemaliza: mtoto ni mgonjwa, niombee ruhusa kazini. Niliwahi kufanya kazi na dada mmoja wa Nakuru. Nilipomwambia naumwa, aliniuliza, "Unaumwa wapi?" Nikaona ananihoji kama polisi. Kwake sentensi ilikuwa haijaisha. Kuumwa ni lazima kuwe na mahali, kichwa au mguu, au kuwe na mwenye meno. Yeye angesema "niko mgonjwa", na akiwa na wenzake wa kwao, "nimegonjeka". Na kwa kweli kitenzi kiko upande wake: kuuma ni kazi ya mbwa na nyoka na jino. Sisi tumelichukua lile umbo la kutendwa, tukamtoa mbwa, tukabaki na maumivu bila aliyeyaleta. Jinsi tunavyolipunguza nako kuna utamu. Anayesema "naumwaumwa" hataki umpeleke hospitali, anataka umwache alale. "Nasikia homahoma" ni hivyo hivyo, homa ambayo bado haijaamua.

Nasikia, ndiyo. Wazee wetu ugonjwa waliusikia. Wanasikia baridi, wanasikia kizunguzungu, wanasikia njaa. "Najisikia vibaya" imeenea sana siku hizi, hasa kwa watu wa ofisini, na wako wanaoichukia wakisema ni kauli ya kuazima. Mimi sina ugomvi nayo. Ila bibi mzaa mama hakuwahi kujisikia vibaya maisha yake yote. Alisikia kichwa kinamgonga na akasema kichwa kinamgonga.

Kuugua ni neno la magazeti na la misiba: marehemu aliugua kwa muda mfupi. Limebeba maana mbili tangu zamani, kuwa mgonjwa na kutoa ile sauti ya mgonjwa. Aliyesoma Warumi sura ya 8 kwenye Biblia ya Kiswahili anakumbuka Roho akituombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa", na pale hakuna homa wala malaria, ni kule kuguna kwa mtu aliyezidiwa. Halafu kutoka hapo tukapata kuuguza, na kutoka kuuguza, muuguzi. Ukilifuata umbo lake, kuuguza kulipaswa kuwa kumfanya mtu augue, kama vile kuunguza ni kufanya kitu kiungue. Kumbe ni kukaa na mtu katika kuugua kwake. Neno zuri mno kwa kazi ile, na labda ndiyo maana wodini hakuna anayeliita. Wodini ni nesi, au sista.

Pwani tuna kauli nyingine ambayo inawachanganya wageni wa bara mpaka leo. "Fulani hawezi." Hawezi nini? Hawezi basi. Ni mgonjwa. Mtu wa Unguja anaweza kukupigia simu akakwambia "leo siwezi", ukadhani anakataa mwaliko wako, kumbe ana homa. Kwa upande wa pili, aliyepata ahueni "hajambo". Neno hilo hilo la salamu, hana jambo, linageuka kuwa taarifa ya kitabibu: jana alikuwa hawezi, leo hajambo kidogo. Ukitaka daraja la katikati unalo, ashekali, ambalo nasikia linazidi kuwaachia nafasi nafuu na afadhali. Bibi alilitumia kwa mizani kabisa. Ashekali maana yake mgonjwa ameomba uji. Hajambo maana yake ameumaliza.

Lipo pia mwele, na uwele. Vijana wengi wa bara hawalijui. Ni neno la Kimvita na la visiwani, mwele akiwa mgonjwa, hasa wa kitandani. Nililidharau kama neno la mashairi mpaka siku niliposafiri na Mbemba wa Zambia kwenye treni ya TAZARA akanieleza kwamba kwao mgonjwa ni umulwele na ugonjwa ni ubulwele. Waganda nao wanasema okulwala kwa kuugua, Wanyarwanda kurwara, Washona wa Zimbabwe kurwara vilevile. Masikio yangu yananiambia mwele ni mtoto wa ukoo huo mkubwa aliyebaki ufukweni wakati Kiswahili cha kila siku kilishahamia kwa mgonjwa. Na juu ya mgonjwa tukaongeza maradhi, yaliyokuja na Kiarabu pamoja na dawa, tiba, afya na nafuu. Ukiangalia vizuri, kuumia na kupona kwetu ni kwa Kibantu, lakini ile biashara nzima inayoendeshwa kati ya hayo mawili, yaani tiba, dawa na tabibu, ina harufu ya jahazi.

Jahazi hilo lilileta pia mabaki ya elimu kongwe sana. Waganga wa Kigiriki, na baada yao matabibu wa Kiarabu na wa Kiajemi, waliamini mwili unaendeshwa na vimiminika vinne, kila kimoja na tabia yake: moto au baridi, umajimaji au ukavu. Elimu hiyo imeshazikwa na sayansi. Lakini nenda kwa mzee yeyote wa Pangani mwenye magoti mabovu umuulize anaumwa nini. Atasema baridi yabisi. Yabisi ni kavu kwa Kiarabu. Yaani mzee wako, bila kujua na bila kuhitaji kujua, anakutajia hali mbili za mwilini alizozipanga tabibu wa Kigiriki kabla Kilwa haijajengwa. Belghamu anayoitema asubuhi ni kimiminika kimojawapo cha vile vinne, na safura, tunayoitumia kwa minyoo inayomaliza damu na kumfanya mtu apauke, imetokana na neno la Kiarabu la rangi ya njano ambalo pia lilikuwa jina la nyongo. Saratani nayo ni kaa, mdudu wa baharini, tafsiri ya Waarabu ya jina ambalo Wagiriki waliupa uvimbe unaotambaa. Waliokimbilia kansa wakidhani wanasema jambo la kisasa wamemkuta kaa yuleyule, kwa Kilatini.

Sasa homa. Hili ndilo neno ambalo ningelipa kesi yake lenyewe.

Limetoka kwa Kiarabu, na asili yake ni joto la mwili. Tanzania maana hiyo ipo bado, lakini juu yake tumeweka nyingine: homa ni kuumwa kwa ujumla, hasa kule ambako hujakupima. Kenya, ukiwaacha watu wa pwani, homa imehama imekwenda puani. Mwenye homa Nairobi anapiga chafya. Sisi tungesema ana mafua. Kwa maneno ya dukani tofauti hii ni ndogo, unauza kidonge cha maumivu na kitambaa. Lakini mwaka 2009, ule ugonjwa wa mafua uliotoka Mexico ulipozunguka dunia, redio za Kiswahili zilianza kuuita homa ya nguruwe. Wafugaji wa nguruwe wa Tanzania walikuwa tayari na homa ya nguruwe yao, ile inayofagia banda zima kwa siku chache na haimgusi binadamu hata kidogo. Maradhi mawili yasiyo na undugu wowote yakashiriki jina moja. Mafua ya nguruwe lingetosha, na Watanzania wengi walisema hivyo. Lakini jina likishatoka redioni halirudi.

Kosa kubwa la homa lilikuwa kwingine. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda Bagamoyo kuwasikiliza wazazi wanavyoyagawa maradhi ya watoto wao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yanapaswa kusomwa na kila anayeandika bango la afya. Wazazi waliijua homa ya malaria. Waliijua kwamba inatokana na mbu, na kwamba dawa yake iko hospitali. Lakini kwao ilikuwa homa ya kawaida, ya kila msimu, isiyotisha sana. Degedege halikuwemo ndani yake. Degedege lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na mwenyewe ana asili nyingine.

Mimi nimekulia palepale kwenye imani hiyo, kwa hiyo sihitaji kusimuliwa. Dege ni ndege mkubwa, au nondo, inategemea nani anasimulia. Anapita juu ya nyumba usiku, kivuli chake kinamwangukia mtoto, mtoto anakakamaa, macho yanageuka, mikono inarusha. Nyumbani kwetu hata jina lilikuwa halitajwi mbele ya mtoto mchanga. Walisema ugonjwa wa watoto. Dawa ilikuwa kufukizwa, na kwingine moshi huo ni wa mavi ya tembo. Na lililokuwa baya kuliko yote ni ile kauli kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Unaweza kuona ilivyojengwa: aliyefikishwa hospitali alifikishwa akiwa amechelewa, akachomwa sindano, akafa, na sindano ikabeba lawama. Kwa hiyo mama anayejua kabisa habari za mbu na chandarua, aliyesikia kila tangazo la malaria, anamwona mwanawe anakakamaa na wala halimjii kichwani tangazo lolote. Tangazo lilizungumzia homa ya malaria. Yeye ana degedege. Bandama lilikuwa hivyo hivyo, tumbo la mtoto kuvimba upande na damu kupungua: nalo lilihesabiwa ugonjwa wake wenyewe.

Mtu wa mjini anapenda kucheka hapo na kusema ujinga. Sikubaliani. Mgawanyo ule ulikuwa wa watu wanaoangalia kwa makini: mtoto mwenye joto na anayetapika hafanani kabisa na mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho. Walioita vyote malaria ndio waliokuwa na kazi ya kueleza kwa nini, na kwa miaka mingi hawakueleza, walibandika mabango. Siku hizi mama wengi Tanga wanakimbilia zahanati moja kwa moja, na nadhani lililosaidia ni kauli moja iliyoanza kusemwa waziwazi, kwamba degedege ni malaria iliyopanda kichwani. Sentensi hiyo haikumnyang'anya mtu neno lake.

Kupanda kichwani, kwa njia, ni kauli yetu safi. Maradhi ya Kiswahili yana miguu. Malaria inapanda kichwani, presha inapanda, sukari inapanda na kushuka, mshipa unashuka. Yupo kipandauso ambaye kazi yake iko kwenye jina, maumivu yanayouparamia upande wa uso mpaka jicho linataka kutoka. Na kipindupindu kinampindua mtu. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Zanzibar, alishuhudia kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 na mwaka 1876 akachapisha kitabu London akifuatilia njia kilikopita kutoka bara, kupitia nchi ya Wamaasai mpaka Pangani na kuvuka bahari. Alifanya kazi hiyo kwa kuwahoji watu wa misafara, yaani kwa kusikiliza.

Malaria lenyewe, ambalo tunalichukulia kama neno letu, ni la Kiitaliano: hewa mbaya. Waliamini mvuke wa mabwawa ndio unaoumiza, mpaka Ronald Ross alipomkuta kijidudu ndani ya mbu nchini India mwaka 1897. Jina la kosa likabaki. Kwetu lilipofika lilipata hesabu. Katika miaka ya duka la shangazi mtu alikuja na karatasi ya maabara anakwambia "nina malaria tatu", mwenzake "mimi nilikutwa na tano", kwa fahari kidogo, kwa sababu mpimaji aliandika idadi ya wadudu aliowaona kwenye darubini. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na vile vipimo vya haraka vya tone la damu vikaenea. Kipimo hicho kinasema ndiyo au hapana, hakihesabu. Nina jirani ambaye bado anakidharau kwa sababu hiyo tu. Dawa nazo zimetuachia maneno: klorokwini na kule kuwashwa mwili mzima usiku kucha, iliyoondolewa Tanzania mwaka 2001, halafu mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto. Aliyeichagua mseto kwa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja alijua anaongea na watu wanaopika wali na choroko chungu kimoja. Sijui kama amewahi kupewa tuzo.

Mbu pia ametufanya tuuze maneno nje, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka uwaonyeshe. Mwaka 1952 kulizuka homa kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, upande wa Newala. Wagonjwa viungo viliuma mpaka wakatembea wamejikunja. Wamakonde waliita chikungunya, kitu kinachomkunja mtu, na madaktari walioandika habari zake mwaka 1955 hawakuwa na jina bora zaidi, wakalipeleka maabara lilivyo. Leo daktari wa Brazil anaandika Kimakonde kwenye faili bila kujua. Mwaka 1959 ikaja nyingine kaskazini mwa Uganda, Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, inayovunja viungo, ikaenea Kenya na Tanganyika, na jina hilo nalo liko vitabuni duniani kote.

Hata dengue ina madai ya Kiswahili. Zanzibar ilipata mlipuko wa homa ya viungo mwaka 1823 na tena 1870, na Christie huyohuyo aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, pepo anayemshika mtu ghafla akamkaza. Mwaka 1827 na 1828 homa ya namna hiyo ikatokea visiwa vya Karibi, na maelezo yanayosimuliwa mara nyingi ni kwamba neno lilivuka bahari likakutana na neno la Kihispania la kutembea kwa maringo, dengue, wakafanana, wakaolewa. Wako wanaopinga, na wako wanaosema milipuko ile ya Zanzibar yenyewe, kwa jinsi viungo vilivyouma muda mrefu, inaelekea ilikuwa chikungunya. Mimi ninalolipenda ni la mwaka 2014, dengue ilipolipuka Dar es Salaam. Watu walilishangaa jina. Wengine walilitamka denge, kama ule mtindo wa zamani wa kunyoa. Kidingapopo, ndiyo kidinga pepo ile ile, limo kwenye kamusi zetu miaka yote hiyo, na hakuna aliyekwenda kulitafuta.

Ninapenda zaidi lililotokea Lindi mwaka 2022. Watu wa upande wa Ruangwa walianza kuugua, homa, kichwa, uchovu, damu kutoka puani, na kwa siku kadhaa habari ilikuwa ni "ugonjwa usiojulikana", maneno mawili yanayoweza kuhamisha kijiji. Vipimo vilipotoka ilikuwa leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaopitia mkojo wa wanyama, panya hasa. Wizara ikautangaza kama homa ya mgunda. Mgunda ni shamba kwa Kiyao na lugha jirani zake. Kwa hiyo mkulima wa Lindi aliambiwa kwa neno analolijua kwamba anachoumwa kinakaa wapi: kwenye shamba, kwenye maji ya shamba. Sijui kama kuna jina la ugonjwa lililofanya kazi nyingi hivyo kwa herufi sita.

Si kila jina linataka kueleza. Mengine yametungwa ili kuficha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla neno UKIMWI halijaundwa watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikipita na biashara ya magendo mpakani. Ilikuwa hukumu iliyovaa nguo: aliyevaa Juliana alilipaje? Baadaye mijini zikaja ngoma, umeme, miwaya. Fulani amekanyaga miwaya. Fulani ameungua. Nilikuwa kijana na nilizitumia zote kwa kucheka, kama wenzangu. Lugha ya kliniki ilichukua muda kutuondoa huko, kutoka mwathirika mpaka "anayeishi na VVU", na tofauti si adabu tu. Aliyeungua amekwisha, ni majivu. Anayeishi, anaishi. Dukani hapa walikuwa hawataji chochote. Mtu aliomba dawa ya fangasi ya mdomoni kwa sauti ya chini, akaangalia mlangoni.

Korona ilipokuja 2020 tulikuwa hodari zaidi wa kutunga: UVIKO-19 lilipatikana upesi, na barakoa ikafufuliwa, lile vazi la uso la wanawake wa Oman na Unguja ambalo vijana walikuwa wameshalisahau. Lakini mapema mwaka 2021 kwenye matangazo ya misiba tulisoma sana kwamba marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji". Kila aliyesoma alielewa, na kila aliyeandika alijua tumeelewa. Neno changamoto halijapumzika tangu hapo.

Nimebakiza moja. Vijana wa mijini wana neno sonona. Zamani lilikuwa kitenzi cha maumivu ya ndani, kusonona na kusononeka, sasa limewekwa kuwa jina la ugonjwa wa akili unaomzima mtu asitake kula wala kuamka. Msongo wa mawazo nao umeingia ofisini na semina zake. Sina neno baya la kusema juu ya istilahi hizi. Zinahitajika, hasa pale mtu anapotaka ruhusa ya daktari na mwajiri anataka kuona jina la kitu. Ila sijawahi kumsikia mteja hata mmoja wa Ngamiani akisema ana sonona. Walisema "nina mawazo". Walisema moyo mzito, roho haitulii, chakula hakipiti. Wengi zaidi walisema kichwa, wakanunua vidonge vya kichwa jioni baada ya jioni, na shangazi alianza kuwauzia viwili viwili badala ya karatasi nzima na kuwauliza nyumbani kuna nini.

Maswali ya uchunguzi wa afya ya akili yanatafsiriwa siku hizi ofisini, na nimeyaona baadhi yake. Aliyeyaandika angekaa kaunta ya duka la dawa wiki moja angeuliza tofauti: una mawazo? Unalala? Chakula kinapita? Hayo kila mtu anayajibu. Mtu akiniuliza ghafla kama nina sonona, hata mimi nitasema sina.